Mchana vyombo vya moto, usiku vya baridi: usilipie bodi kwanza

Swali: Fundi, shikamoo. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Mbezi Beach, vyumba sita. Mwaka jana nilinunua mashine ya kuosha vyombo iliyotumika, ya Ulaya, kwa familia iliyokuwa inahama. Ilianza vizuri. Siku hizi sahani zinatoka na utelezi wa mafuta, kidonge cha sabuni nakikuta kimebaki nusu, na vikombe vimelowa chapachapa. Cha ajabu, nikiosha saa nane mchana vinatoka afadhali kuliko nikiosha saa mbili usiku baada ya chakula cha wageni. Ile programu ya joto 65 iliyokuwa inachukua masaa mawili, usiku inavuta hadi masaa matatu na nusu. Mashine iko kwenye ekstensheni moja na friji, na plagi yake inapata moto. Maji ni ya DAWASA, yakikatika natumia ya kisima. Fundi aliyekuja aliangalia dakika kumi akasema bodi, ile sakiti inayoongoza mashine, imekufa, shilingi laki nne na nusu. Nimpe?

Jibu: Marahaba, mama. Usimpe, angalau si wiki hii. Bodi hufa, na nitaifikia huko mbele, lakini wewe mwenyewe umeandika dalili ambayo huyo bwana hakuiuliza: mchana inachemsha, usiku inasuasua. Bodi haijui saa. Haina habari kama jua limezama. Kinachobadilika mtaani kwako kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku ni umeme, maana usiku kila nyumba imewasha taa, runinga, pasi, kiyoyozi na jiko, na transfoma ni ileile.

Kabla ya kufika huko, hiyo plagi. Watu hujifariji kwamba mashine kubwa lazima plagi yake ipate moto. Sivyo. Hita ya mashine yako ikiwaka, inavuta ampia tisa hivi, na ampia tisa kwenye soketi nzima huifanya plagi iwe vuguvugu tu. Kama huwezi kuishika kwa raha, kuna mahali shaba haijakamatana na shaba: vibanio vya ndani ya soketi vimelegea, au skrubu inayobana waya ndani ya plagi imelegea, au kishikizo cha fyuzi kimechoka. Zima swichi, chomoa, ngoja ipoe, fungua plagi uangalie. Ukiona plastiki imegeuka rangi ya chai ya rangi, au waya umekuwa mweusi na unavunjika ukiukunja, badilisha plagi na soketi vyote viwili. Ukibadilisha kimoja, kile kibovu kitakiunguza kipya. Fyuzi ya humo ni ya ampia 13, na akitokea mtu wa kukuwekea kipande cha waya badala yake, mfukuze. Ekstensheni nayo iondoke leo. Mashine hii inataka soketi yake ukutani, waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka, na waya wa ethi unaofika ardhini kweli, kwa sababu ni chombo chenye maji na umeme ndani ya sanduku moja la chuma, na anayekifungua mara nyingi ana mikono iliyolowa.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Wengi hudhani inajaa maji kama karai. Inachukua lita tatu au nne tu, halafu inazungusha yaleyale: pampu ya chini inayavuta kupitia chujio, inayapitisha kwenye hita, yanapanda kwenye mikono inayonyunyiza, yanagonga vyombo, yanashuka tena. Hita yake haifanani na ya birika, inayolala ndani ya maji yaliyotulia. Kwenye mashine nyingi za Ulaya za miaka hii ni bomba fupi ambalo maji yanapita ndani yake mbiombio, na kwenye nyingine hita na pampu ni kitu kimoja. Maji yakisimama na hita ikaendelea kuwaka, itaungua. Kwa hiyo mtengenezaji ameiwekea mlinzi. Mara nyingi ni swichi ya presha iliyobandikwa ubavuni mwa hita: maji yakisukuma kwa nguvu inafunga njia ya umeme, yakilegea inaifungua. Mashine nyingine hazina swichi hiyo, bodi inasoma mota ya pampu na kukisia kama ina mzigo au inazungusha hewa.

Ukisahau mengine yote niliyoandika, bakia na hili: hita ni wa mwisho kwenye foleni. Maji yakiwa machache, chujio likiziba, pampu ikichoka, hita inanyimwa ruhusa ya kuwaka ilhali yenyewe ni nzima. Na mtu akipima tu kwamba “hita haipati umeme”, ataruka moja kwa moja kwenye bodi, kwa sababu umeme wa hita unatoka kwenye bodi. Hajakosea kipimo, amekosea kukisoma.

Nikuulize jambo ambalo wateja wangu hulikasirikia: una hakika ni programu gani inayobonyezwa? Wewe unaandika 65, lakini anayepakia vyombo usiku ni wewe au ni binti wa jikoni? Programu ya eko kwenye mashine nyingi huosha kwa nyuzi 45 hadi 50, na ile ya haraka ya nusu saa haifiki mbali zaidi. Maji ya nyuzi 45 mkononi ni moto wa kuogea, lakini kwa sufuria iliyopikiwa pilau ya mafuta ni mchezo. Tena hatua ya kwanza ya karibu kila programu ni suuzo la maji baridi. Anayefungua mlango baada ya dakika tano, akatia kidole na kutangaza kwamba mashine haichemshi, hajapima kitu. Hita huanza kazi baada ya suuzo hilo kutolewa na maji mapya kuingia.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi, kinahitaji Luku yako, yaani mita ya umeme, na karatasi. Chagua siku ambayo wageni ni wachache. Zima vitu vyote vya nyumba, friji nayo ikiwemo. Usipoifungua haitaharibu kitu kwa masaa hayo. Andika uniti zilizobaki mpaka zile tarakimu za baada ya nukta. Washa programu ya 65, mashine ikiwa na vyombo kama kawaida, na ikimaliza andika tena. Fanya hivyo mara moja saa nane mchana na mara moja saa mbili usiku. Kama huwezi kuzima nyumba ya wageni usiku, na nakuelewa, ulizia Kariakoo kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na plagi, kinachoonyesha wati, volti na uniti zilizoliwa. Hakikisha kimeandikwa ampia 13 au zaidi, na usikitumie kabla hujatengeneza ile soketi.

Namba zako zitazungumza hivi. Programu ya moto iliyofanya kazi yake sawasawa hula uniti moja hadi moja na nusu. Pampu peke yake, bila hita, haizidi wati mia moja na kitu, kwa hiyo mzunguko mzima wa masaa mawili bila hita utakula pointi mbili hivi ya uniti, basi. Ukipata pointi mbili, hita haikuwaka hata dakika moja. Ukipata nusu uniti au pointi saba, iliwaka ikakatika, ikawaka ikakatika. Na ukipata moja na robo mchana na ileile moja na robo usiku, ila usiku kwa masaa matatu na nusu, basi mashine yako ni nzima kabisa na unachotafuta kiko nje ya jikoni.

Kwa maelezo yako, nadhani utaangukia kati ya jibu la pili na la tatu. Nikuonyeshe kwa nini. Fungua mlango, angalia kibati kilichobandikwa kwenye ukingo wake. Tuseme kimeandikwa wati 2,100 kwa volti 230. Usiku volti zikishuka mpaka 185, jambo ambalo nimelipima mara nyingi kwenye nyumba zilizo mwisho wa laini, mtu atasema zimepungua moja ya tano tu. Lakini hita inavutwa na volti mara mbili: volti zikipungua, ampia nazo zinapungua, na nguvu ni zao la hivyo viwili. 185 gawa kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata kama 0.65. Ile hita ya wati 2,100 imekuwa ya wati 1,360. Zaidi ya theluthi ya moto imepotea na hakuna kilichoharibika. Mashine inayongoja mpaka sensa iseme joto limefika itangoja kweli, ndiyo hayo masaa matatu na nusu yako. Na kama mashine yako imewekewa kikomo cha muda wa kuchemsha, kikifika inasonga mbele na maji yakiwa nusu moto, ndiyo hicho kidonge chako kilichobaki.

Kuna la zaidi. Umeme mdogo unailegeza na pampu, hasa zile mota za zamani zenye kapasita. Pampu ikilegea, presha inashuka, presha ikishuka, mlinzi anafungua njia, hita inazimika. Kwa hiyo umeme ule mmoja unaweza kukupiga mara mbili, kwa kupunguza moto na kwa kuukata.

Dawa ya bei rahisi iko mbele ya mashine yenyewe: kitufe cha kuchelewesha kuanza. Karibu zote za Ulaya zinacho. Pakia vyombo baada ya chakula, weka ianze saa nane usiku, mtaa ukiwa umelala na volti zimerudi. Asubuhi unatoa vyombo kwa ajili ya kifungua kinywa. Wakati huohuo andika volti za saa mbili usiku kwa siku nne tano na uzipeleke TANESCO, ukiwaomba waje wapime kwenye nguzo. Mara nyingine tatizo ni kiungio kilicholegea kwenye nguzo yako tu, au nyumba nyingi zimerundikwa kwenye fezi moja. Stabilaiza inasaidia, lakini ya mashine hii lazima iwe ya kVA 3 kwenda juu, na hiyo ni hela. Friji gadi hairekebishi umeme, kazi yake ni kukata tu, kwa hiyo usiuziwe hiyo kama dawa.

Mashine yako ni ya Ulaya, umebahatika. Wapo wanaoletewa na ndugu mashine za Marekani ndani ya kontena, za volti 120, wanazifunga kwenye transfoma na bomba la maji baridi, kisha wanashangaa. Mashine za kule zimetengenezwa zikitegemea maji yanayoingia yawe ya moto tayari, nyuzi 49 hivi kutoka kwenye tangi la nyumba, na hita zake nyingi ni ndogo kuliko zetu. Hapo hakuna cha kutengeneza, ni kupeleka maji ya moto tu.

Hilo la maji ya moto linakuhusu na wewe kama una hita ya jua juu ya paa. Mashine nyingi za Ulaya zinakubali maji yanayoingia ya hadi nyuzi 60. Soma kitabu chake kabla ya kuunganisha. Ila pima umbali. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 linabeba karibu lita mbili za maji yaliyolala humo yakapoa, na mashine inachukua tatu au nne. Kwa maneno mengine, nusu ya maji yako ya “moto” yatakuwa yale ya bombani. Tena suuzo la kwanza likiwa la moto, ute wa yai unaivia kwenye sahani. Mimi kwa nyumba yako ningebaki na maji baridi.

Turudi kwenye foleni. Hata namba zikionyesha umeme ni mdogo, safisha njia ya maji kwanza, kwa sababu haigharimu kitu na mara nyingi makosa yanakuwa mawili. Nasema hivyo nikiwa na kovu. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye hoteli moja ya ufukweni kwa tatizo kama lako. Nilipima, hita haipati umeme. Nikaagiza bodi, tukangoja wiki tatu, nikafunga, nikawasha, ikachemsha mara mbili, siku ya tatu baridi. Nilipochuchumaa na tochi ndipo nilipotoa kwenye kisima cha chini ya chujio fumba la nyuzi za embe, punje za wali na karatasi ya chapa ya chupa ya maji iliyojikunja kama sigara. Pampu ilikuwa inavuta kwa shida, presha haipandi, mlinzi anakata. Ile bodi ya kwanza ilikuwa nzima. Ninayo mpaka leo.

Wewe fanya hivi: chomoa plagi, toa trei ya chini, zungusha chujio lile la duara kinyume cha saa ulitoe, na bati lake la chini pia. Osha kwa mswaki na sabuni ya maji. Kausha maji yaliyobaki kwenye shimo kwa sifongo, uchungulie kwa tochi. Usitie kidole bila kuona, vipande vya glasi hupenda kukaa hapo. Chomoa mikono ya kunyunyiza, itikise karibu na sikio: ikicheza kama kayamba, kuna mbegu au mchanga ndani. Vitundu vyake vizibue kwa kijiti cha meno. Nyuma ya mashine, funga bomba, fungua mpira wa maji: mdomoni mwake kuna kichujio kidogo cha wavu, na kwa watu wa kisima hicho hujaa mchanga. Kisha weka mpira kwenye ndoo, fungua bomba kwa dakika moja. Ukipata chini ya lita tano hivi, maji yenyewe yanakuja kinyonge, pengine tangi lako liko chini mno kwa mashine. Na wakati inaosha, isikilize. Mashine yenye maji ya kutosha inavuma kwa sauti moja. Yenye maji haba inavuma, inakatika, inakoroma kama mtu anayenyonya mrija kwenye dafu lililokwisha.

Ukishafanya hayo, plagi mpya, soketi yake, njia ya maji safi, na mchana bado haifikishi uniti moja, ndipo fundi afungue. Mashine iwe imechomolewa, si kuzimwa tu kwa swichi ya mbele. Kazi yake ni vipimo vitatu, na vyote vinafanyika kwa maltimita ya kawaida.

Cha kwanza ni hita yenyewe. Chomoa waya zake, pima omu, yaani upinzani wake. Volti 230 zidisha kwa lenyewe, gawa kwa wati za kibati: kwa wati 2,100 unapata omu 25. Kipimo chochote kati ya 20 na 30 hivi ni hita nzima kwa mashine nyingi. Ikisoma njia iliyokatika kabisa, asikimbilie kuitupa: kwenye hita nyingi kuna fyuzi ya joto au themostati ya usalama mfululizo nayo, na huenda ndiyo iliyokatika. Kisha mguu mmoja wa maltimita kwenye nguzo ya hita na mwingine kwenye chuma cha mwili. Hapo isisome kitu. Ikisoma omu elfu chache, hita imeanza kuvujisha umeme na ndiyo inayokukatia breka ya usalama, hata kama inachemsha.

Cha pili ni sensa ya joto. Hii ni kitu kidogo cha waya mbili, upinzani wake unashuka kadiri joto linavyopanda. Aina inayopatikana sana husoma omu 10,000 kwenye nyuzi 25, nyingine husoma 50,000. Kilicho muhimu ni mwendo kuliko namba. Ninavyoipima mimi: naomba jikoni kikombe cha maji kutoka kwenye chupa ya chai. Naishika sensa mkononi, nasoma. Naichovya ncha yake kikombeni huku naangalia. Ile ya 10,000 inashuka pole pole bila kuruka, na kwenye maji ya nyuzi 60 inafika kama 2,500. Ikiruka, ikikwama, au ikisoma ndogo tayari ikiwa baridi, basi ndiyo inayoidanganya bodi kwamba maji yameshachemka, na bodi kwa utiifu wake inazima hita. Sensa ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na laki nne na nusu.

Cha tatu ni yule mlinzi. Swichi ya presha ikiwa ya aina ya mpira na kibati, weka maltimita kwenye omu, ivuvie kwa mdomo kupitia kijitundu chake: utasikia tik, na njia inafunga. Ukiacha kuvuvia, tik, inafungua. Ikiwa imejaa ukoko au mpira wake umekauka, haitasema kitu.

Vyote vitatu vikiwa vizima ndipo tunaigeukia bodi, na hata hapo si bodi nzima. Kinachochoka ni rilei ya hita, yaani swichi inayoiwasha na kuizima, kale kasanduku ka plastiki kenye ukubwa wa kiberiti kilichokatwa nusu, kwa sababu ndiko kanakobeba zile ampia tisa. Igeuze bodi, angalia lehemu za miguu yake. Ukiona kipete cheusi kuzunguka mguu, au ufa mwembamba kama unywele, hapo ndipo penye ugonjwa. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri ataikwangua na kuilehemu upya, au ataweka rilei mpya yenye volti na ampia zilezile, kwa sehemu ndogo tu ya bei uliyotajiwa. Bodi nzima inanunuliwa pale ambapo njia zake za shaba zimeungua au maji yameingia.

Kwa hiyo huyo bwana akirudi, muulize kwa upole: hita ilisoma omu ngapi? Sensa ilisoma ngapi baridi na ngapi moto? Mlinzi wa presha alimpima? Akikupa namba, mpe chai mzungumze. Na kama kioo cha mbele kinaonyesha alama, iandike kabla ya kuzima: kwenye Bosch E09 ni upande wa hita, kwenye AEG i60, kwenye LG HE. Ila alama inataja mtaa, haitaji nyumba. E09 inaweza kuwa hita, inaweza kuwa waya, inaweza kuwa rilei.

Asije mtu akakuunganishia waya kuruka fyuzi ya joto au swichi ya presha “kwa muda, mpaka spea ifike”. Itachemsha, tena vizuri. Siku maji yakikatika katikati ya mzunguko, hita itawaka kavu ndani ya plastiki, usiku, wageni wamelala. Mashine iliyofanyiwa hivyo mimi siigusi mpaka waya huo utoke.

Limebaki la maji ya kisima. Huku pwani maji mengi ya visima ni magumu, yana chokaa, na mengine yana chumvi juu yake. Nasikia mafundi wakisema ukoko wa chokaa unazuia joto lisiingie majini. Kwa jiko la mkaa ni kweli, kwa hita ya umeme si hivyo hasa: wati 2,100 zikiingia kwenye koili hazina pa kwenda isipokuwa majini. Kinachotokea ni koili yenyewe kupata moto mno chini ya blanketi lake, themostati ya usalama inakata, inapoa, inawaka tena, na siku moja inaungua moja kwa moja. Ndiyo sababu ukoko nao huonekana kama nusu uniti kwenye karatasi yako.

Kuuyeyusha, chukua gramu 100 hadi 150 za asidi ya sitriki, ule unga mchachu kama ndimu, mwaga ndani, kwenye sakafu ya mashine ikiwa tupu, bila kidonge, uendeshe programu ya moto mchana, maji yakiwa yanachemka kweli. Siki inafanya kazi ileile kwa udhaifu, na ukiizoea sana inachosha mipira. Usichanganye chochote kati ya hivyo na jiki. Hewa inayotoka humo inaumiza mapafu, na jiki peke yake inakula chuma cha ndani.

Halafu tazama kile kifuniko cha kuzungusha kilicho ndani, kwenye sakafu ya mashine, kando ya chujio. Wenye mashine zilizotumika wengi hawajawahi kukifungua. Ni tangi la chumvi, inayosafisha kile chombo cha ndani kinacholainisha maji, na haigusi vyombo vyako kabisa. Chumvi yake ni ile ya punje kubwa iliyoandikwa kwa ajili ya mashine za vyombo, ipo kwenye supamaketi kubwa. Ya mezani ina madini joto na unga wa kuizuia isigandamane, na ile ya mawe ya kienyeji ina mchanga na takataka za bahari. Zote mbili zitakuzibia. Kama tangi ni kavu, lijaze maji mara ya kwanza tu, kisha mimina chumvi kwa faneli, kama kilo moja. Maji yatafurika, ni kawaida. Futa mdomo, kaza kifuniko, na uwashe programu saa hiyohiyo, maana maji hayo ya chumvi yakilala juu ya chuma usiku kucha utakuta madoa ya kutu asubuhi. Kiwango cha ugumu wa maji nacho kinapangwa kwenye vitufe vya mbele, kitabu kinaonyesha namna: kwa mwezi ambao unatumia kisima, kipandishe juu, maji ya DAWASA ya kutoka Ruvu yakirudi, kishushe, usije ukamaliza chumvi bure.